Dalili, Maabara na Historia ya Homa ya Matumbo: Mtazamo kutoka Kamembe

Shangazi yangu anauza sambaza katika soko la Kamembe. Nyumbani ana bahasha ya kaki ambamo huweka kadi ya mituweli, risiti za ushirika na karatasi tatu ndogo za maabara. Karatasi hizo zote ni za mwaka mmoja. Kila moja ina neno Widal, chini yake sehemu mbili kama 1/160 na 1/320, na mwishoni neno chanya. Kila mara alipewa vidonge vya siku kadhaa, homa ikapungua, kisha ikarudi. Mara ya nne alipokwenda, mahali pengine, hawakumtoa damu peke yake, walimwomba makohozi. Ikaonekana ana kifua kikuu. Alimeza dawa kwa miezi sita, akapona, ingawa hadi leo akipanda kutoka ziwani na beseni kichwani husimama njiani mara mbili au tatu kupumua.

Nilipomwambia kwamba nataka kuandika insha ya historia kuhusu magonjwa, alitoa ile bahasha akaniuliza: "Basi mwanangu, wewe unayesoma, niambie. Ile tifoidi niliwahi kuwa nayo au sikuwa nayo?"

Insha hii ilianza kama jibu kwake. Sisomei udaktari, na sitajaribu kumtibu mtu kwa karatasi. Ninachoweza kufanya ni kuuliza karatasi kama zile zilitoka wapi, na kwa nini tunaziamini. Tumezoea kusimulia kwamba zamani watu walitambua maradhi kwa kuangalia dalili na wakakosea, halafu maabara ikaja na ukweli ukajulikana. Nilivyosoma habari za homa ya matumbo, mambo hayakwenda hivyo. Maabara iliishinda dalili pale tu watu walipochukua taabu ya kulinganisha vitu viwili kwa mgonjwa yule yule. Pasipo kulinganisha, karatasi ya maabara iligeuka kuwa dalili nyingine tu, tofauti yake ikiwa ni kwamba ina muhuri.

Nianze na jina, kwa sababu jina lenyewe limewapotosha wengi. Kiswahili sanifu husema homa ya matumbo, yaani kimeutaja ugonjwa kwa mahali unapouma. Hapa Kamembe, na ng'ambo ya mto kule Bukavu, watu husema tifoidi, kwa matamshi ya Kifaransa. Neno hilo maana yake ni "unaofanana na tifusi", na tifusi nayo inatokana na neno la Kigiriki la moshi au ukungu, kwa sababu ya jinsi akili ya mgonjwa inavyofunikwa. Kwa hiyo ugonjwa mmoja uliitwa kwa kufananishwa na mwingine, na huo mwingine uliitwa kwa dalili. Leo tunajua kwamba tifusi huletwa na chawa na tifoidi huingia kwa maji na chakula chenye kinyesi. Lakini kwa macho, katika juma la kwanza, zote mbili ni mtu mwenye homa kali, kichwa kinachouma na maneno yasiyoeleweka.

Kwa sisi tunaosoma historia ya Rwanda kuna mtego zaidi. Kwa Kijerumani, neno Typhus peke yake humaanisha homa ya matumbo. Tifusi ya chawa wao huiita Fleckfieber. Kwa Kifaransa, typhus ni ile ya chawa. Nchi hii ilikuwa chini ya Wajerumani hadi 1916, kisha ikawa chini ya Wabelgiji. Upande wetu wa Kivu, Wajerumani walikuwa na kituo Shangi tangu 1898, na Richard Kandt, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari, aliishi huko huko; mwaka 1903 Mapadri Weupe wakafungua misheni ya Mibirizi. Basi mtu akikuta neno typhus katika maandishi ya enzi hizo, lazima kwanza aulize aliyeandika alikuwa anawaza kwa lugha gani. Asipouliza, atahesabu wagonjwa wa chawa kuwa wagonjwa wa maji, na kinyume chake, na hakuna darubini itakayomsaidia.

Waliotenganisha magonjwa haya mawili hawakuwa na maabara kama tunavyoielewa sasa. Walikuwa na maiti. Huko Paris, Pierre Louis alifuatilia wagonjwa wa homa kitandani, akaandika dalili zao siku kwa siku, na waliokufa akawafungua. Katika kitabu chake cha 1829 alionyesha kwamba wale waliokuwa na homa ya aina fulani walikutwa na vidonda katika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Mwanafunzi wake Mmarekani, William Gerhard, alifanya vivyo hivyo Philadelphia wakati wa mlipuko wa 1836 na akaona kwamba wagonjwa wa tifusi hawakuwa na vidonda hivyo. William Jenner wa Uingereza akalithibitisha jambo hilo katika hospitali ya homa ya London karibu na mwaka 1850. Ninawataja watatu hawa kwa sababu ya njia yao zaidi kuliko majina yao: waliandika kwanza walichokiona kwa mgonjwa aliye hai, kisha wakakipima kwa kitu kingine kisichotegemea macho yale yale.

Na bado Jenner huyo huyo anatupa mfano wa upande wa pili. Mnamo Desemba 1861 alikuwa miongoni mwa madaktari waliomhudumia Prince Albert, mume wa Malkia Victoria. Walisema ni homa ya matumbo, akafa, na mwili haukufunguliwa. Tangu hapo waandishi wa historia ya tiba wamebishana kama kweli ilikuwa hiyo, au ugonjwa wa muda mrefu wa utumbo, au saratani. Samuel Baker alipofika mwaka 1864 kwenye ziwa lililo kaskazini mwa kwetu, akalipa jina la marehemu huyo, na hadi leo ramani zetu zinaandika Ziwa Albert. Tuna ziwa lenye jina la mtu ambaye ugonjwa wake ulitambuliwa na bingwa wa ugonjwa huo duniani, kwa dalili, na bado hatuna hakika.

Dalili zenyewe zilizoingia vitabuni zilikusanywa kwa miili ya Wazungu. Homa inayopanda ngazi kwa ngazi kila jioni, ulimi wenye utando, tumbo lililojaa, wengu lililovimba, na vile vipele vidogo vya rangi ya waridi kifuani. Vipele hivyo mwanafunzi wa udaktari wa Kigali au Bukavu hujifunza kuvitaja katika mtihani, lakini kwenye ngozi nyeusi ni vigumu sana kuviona. Wengu nalo, kwa mtu aliyekulia bonde la Bugarama penye mbu na mashamba ya mpunga, linaweza kuvimba kwa malaria. Zikiondolewa dalili hizo mbili, inabaki homa, kichwa na tumbo. Ni mgonjwa gani wa Afrika Mashariki asiye na hayo?

Kwa hiyo maabara ilipokuja ilikuwa na kazi kubwa ya kufanya. Karl Eberth aliviona vijidudu vya ugonjwa huu mwaka 1880, na Georg Gaffky akafanikiwa kuviotesha mwaka 1884. Kuotesha ndiyo njia ambayo hadi leo inaheshimiwa kuliko nyingine: damu ya mgonjwa hutiwa katika chupa yenye chakula cha bakteria, ikangojewa siku kadhaa, na kinachoota kikatambuliwa. Ni njia ya kuaminika lakini ina mkono mfupi. Damu ya mgonjwa wa tifoidi ina bakteria wachache mno, mara nyingi chini ya mmoja kwa kila mililita, na mgonjwa akiwa ameshameza antibiotiki hata hao wachache hawaoti. Kwa makadirio, kuotesha damu huwakamata kama wagonjwa 6 kati ya 10. Ukichukua uboho kutoka ndani ya mfupa utawapata zaidi ya 8 kati ya 10, lakini nani atakubali kutobolewa mfupa kwa sababu ya homa?

Hapo ndipo anapoingia Fernand Widal, mwenye jina lililo kwenye karatasi za shangazi. Alizaliwa Dellys, Algeria, mwaka 1862, akafanya kazi Paris. Mwaka 1896 alionyesha kwamba maji ya damu ya mgonjwa wa tifoidi yakichanganywa na bakteria wake, bakteria hao hugandamana pamoja, na unaweza kuona jambo hilo kwa dakika chache. Max von Gruber na Herbert Durham walikuwa wakichunguza mgandamano huo huo Vienna. Widal aliugeuza kuwa kipimo cha mgonjwa kitandani. Hakuna kungoja siku tano, hakuna chupa za gharama. Ninaelewa kabisa kwa nini kilienea dunia nzima.

Lakini Widal haonyeshi bakteria. Anaonyesha kingamwili, yaani kumbukumbu ya mwili kwamba ulikutana na kitu kama hicho. Kumbukumbu hiyo huchelewa kuja, mara nyingi baada ya juma la kwanza, na ikishakuja hukaa miezi. Huweza kuamshwa na salmonela wengine ambao si wa tifoidi, na hata malaria inaweza kuivuruga. Ndiyo maana kanuni ya zamani ilikuwa kupima mara mbili, kwa kuachanisha siku 7 hadi 14, na kuangalia kama kiwango kimepanda mara nne. Kanuni hiyo ilipotea njiani. Katika zahanati nyingi za ukanda wetu damu hutolewa mara moja, tone likawekwa kwenye kioo, na jibu likaandikwa kabla mgonjwa hajamaliza soda yake. Kilichobaki cha Widal ni jina.

Ninataka kukaa kidogo kwenye utafiti mmoja wa Tanzania kwa sababu ndio ulionifungua macho. Mwaka 2010 zilichapishwa hesabu za watoto waliolazwa hospitali ya wilaya ya Muheza, Tanga. Walipimwa Widal kwa njia nzuri, ile ya kwenye mirija, na majibu yakalinganishwa na damu iliyooteshwa. Kipimo kiliwakamata 75 kati ya kila watoto 100 waliokuwa na tifoidi, na kiliwaacha huru 98 kati ya kila 100 wasiokuwa nayo. Nilisoma nikadhani ni kipimo kizuri. Kisha nikasoma sentensi iliyofuata: kati ya waliopewa jibu la chanya, ni asilimia 26 tu waliokuwa na ugonjwa kweli.

Nakiri kwamba ilinibidi kuchukua kalamu. Chukua mfano wa watoto 1,000 wenye homa, ambao 10 tu wana tifoidi. Kipimo kitawapata 7 au 8. Wale 990 wengine hawana, lakini asilimia 2 yao, karibu watoto 20, watapewa chanya kwa makosa. Jumla una karatasi 28 hivi za chanya, na zenye ukweli ni 8. Kosa halikutoka kwa mpimaji wala kwa dawa ya kupimia. Limetokana na uchache wa tifoidi miongoni mwa waliopimwa. Kadiri daktari anavyompima kila mwenye homa bila kuchagua, ndivyo karatasi za uongo zinavyoongezeka. Yaani kipimo kinahitaji jicho la kitabibu limtangulie. Kikiachwa peke yake hupotea.

Na jicho peke yake je? Huko Moshi, mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa wamepewa jina la malaria. Walipochunguzwa kwa uangalifu, waliokuwa na malaria walikuwa asilimia 1.6. Huo ndio ulikuwa uwezo wa dalili mahali ambapo kila homa ina jina moja tayari mdomoni. Baadaye vipimo vya haraka vya malaria vikaenea, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kutibiwa. Hapa Rwanda hata wajumbe wa afya wa vijijini wanapima. Ni hatua kubwa. Lakini nadhani, na hili ni wazo langu, ilileta pengo ambalo hatukulijadili: malaria ikishakuwa hasi, mgonjwa bado ana homa na bado anataka jina. Kule Kamembe jina lililokuwa tayari lilikuwa tifoidi, na kipimo cha kulipa jina hilo muhuri kilikuwa cha bei nafuu.

Sisemi kwamba tifoidi yenyewe ni uzushi. Ingekuwa dharau kwa waliokufa. Kinshasa, kati ya mwisho wa Septemba 2004 na mwanzo wa Januari 2005, waliripotiwa wagonjwa 42,564, wakiwemo 696 wenye utumbo uliotoboka au tumbo lililooza ndani, na vifo 214. Huko Kasese, Uganda, kati ya mwisho wa 2007 na katikati ya 2009, uchunguzi ulihesabu wagonjwa 577. 249 kati yao utumbo ulitoboka, na 47 walikufa. Ukitazama vizuri, katika milipuko hii ugonjwa ulijitokeza wazi mezani kwa daktari wa upasuaji, aliyefungua tumbo baada ya tumbo akakuta tundu mahali pale pale. Ni vidonda vile vile vya Louis, miaka 175 na zaidi baadaye, safari hii kwa watu ambao baadhi yao walikuwa bado wanaweza kuokolewa.

Kampala mwaka 2015 inaonyesha pande zote kwa pamoja. Kati ya Februari na Juni walihesabiwa wagonjwa 10,230 walioshukiwa kwa dalili, 1,038 waliopata chanya kwa kipimo cha haraka cha kingamwili, na 51 waliothibitishwa kwa kuotesha. Msomaji mwenye haraka atasema basi wengine wote walikuwa uongo. Hapana, kwa sababu walioteshewa damu walikuwa sehemu ndogo tu, na chupa zenyewe huwakosa wengi. Lakini wale 51 walitosha kuonyesha kwamba mlipuko ni wa kweli, na kuwapeleka wachunguzi kwenye maji na vinywaji vilivyouzwa barabarani. Namba kubwa ilitumika kuona ukubwa wa hatari, namba ndogo ikatumika kuona ukweli wake.

Mfano wa mwisho uko jirani zaidi na sisi. Mwishoni mwa 1995, katika gereza la Ngozi huko Burundi, wafungwa walianza kuugua homa ambayo watu waliiita sutama. Ilienea katika kambi za waliokimbia vita kwenye milima yenye baridi, na kwa muda haikujulikana ni nini. Damu ilipelekwa Marseille, Ufaransa, na jibu likarudi kwamba ni tifusi, ile ya chawa. Wakati huo wagonjwa walikuwa wameshafika makumi ya maelfu. Kilichonivutia ni kilichofuata: hakuna aliyepeleka Marseille damu ya kila mgonjwa. Baada ya maabara kusema mara moja, wauguzi walirudi kwenye dalili, na kila mwenye homa ile alipewa doksisaiklini ya miligramu 200 mara moja tu. Dalili zilizokuwa hazifai kitu mwaka mmoja kabla, sasa zilitosha, kwa sababu kila mtu alijua ni ugonjwa gani unaozunguka pale.

Basi narudi kwenye bahasha. Karatasi tatu za Widal, za mwaka mmoja, zote chanya, hakuna iliyorudiwa baada ya siku kumi ili kuona kama kiwango kimepanda, hakuna damu iliyooteshwa. Viwango vyenyewe havikupanda wala kushuka kwa kiasi cha maana kutoka karatasi ya kwanza hadi ya tatu, jambo ambalo linafanana zaidi na kumbukumbu ya zamani kuliko ugonjwa mpya. Huenda alikutana na tifoidi utotoni, alipokuwa akichota maji ya ziwa. Huenda karatasi ya kwanza ilikuwa kweli na nyingine mbili zikawa mwangwi wake. Huenda hakuwahi kuwa nayo kabisa. Na ile homa iliyokuwa ikipungua akimeza vidonge haithibitishi chochote: alipewa siprofloksasini, na dawa za jamii hiyo huweza kuvidhoofisha kwa muda vijidudu vya kifua kikuu, mgonjwa akajiona amepata nafuu na ugonjwa ukachelewa kujulikana.

Nilimweleza haya jioni moja, tumekaa nje, yeye akichambua sambaza waliobaki. Nilitumia mfano wa watoto 1,000 kwa kupanga samaki kwenye sinia, ishirini upande mmoja na wanane upande mwingine. Aliwatazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mimi," aliuliza, "nilikuwa katika hawa au katika wale?"

"Shangazi, karatasi zako haziwezi kusema."

"Na nilizilipia zote tatu," akasema. Akawarudisha samaki kwenye beseni, akaniambia nimletee ile bahasha, akaifunga kwa mpira na kuirudisha mahali pake.